Safari ya Kajiado Kumtazama Asiyetembea

Iwapo Jumapili hii hamna harusi ya kuhudhuria wala safari ya mashambani, wachukue watoto mwelekee kusini. Safari yenyewe haina gharama kubwa. Pandeni matatu ya Kitengela jijini Nairobi, mpite Mlolongo na viwanda vya saruji vya Athi River, kisha muiache barabara ya Mombasa na kushika ile ya Namanga. Baada ya kilomita 30 hivi mtakuwa Kitengela. Wenye subira wataendelea hadi Isinya na hatimaye mji wa Kajiado, yapata kilomita 80 kutoka jijini.

Wengi huenda upande huo kuwatazama twiga na pundamilia wanaovuka kutoka Mbuga ya Taifa ya Nairobi, ambayo upande wake wa kusini, kwa sehemu kubwa, haujazungushiwa ua. Wengine hufuata nyama choma, na siwalaumu. Leo nataka mwende kumtazama kiumbe ambaye, tukisema kweli, hafanyi lolote. Hatembei mchana na usiku hutembea kidogo mno. Akila leo, huenda asile tena kwa majuma kadhaa, na wala hali hiyo haimsumbui. Kiumbe huyo ni buibui, na hapa sisemi vazi la akina mama wa Pwani.

Tena si yule mdogo wa kwenye pembe ya dari. Huyu ni buibui mkubwa wa ardhini, mwenye manyoya na miguu minene, ambaye Waingereza humpa jina la nyani kwa sababu ncha za miguu yake zinafanana na vidole vya mnyama huyo. Mkubwa zaidi katika Afrika Mashariki ni yule ambaye wanasayansi humwita Pelinobius muticus. Rangi yake ni ya kutu, na akinyoosha miguu hufikia sentimita 20, yaani karibu upana wa sahani ya chakula. Makao yake ni nyika za kusini mwa Kenya na kaskazini mwa Tanzania, na jina lake hilo lina uhusiano wa moja kwa moja na nchi ya Wamaasai. Mwaka 1883 Mjerumani aliyeitwa Gustav Fischer alipita nchi hiyo akitokea Pangani hadi Naivasha, akikusanya ndege na wadudu. Vitu vyake vilipofika Ujerumani, mtaalamu Ferdinand Karsch aliviorodhesha mwaka 1885, na humo ndimo buibui wetu alimopewa jina. Miaka 15 baadaye, Mwingereza R. I. Pocock, bila ya kutambua kwamba ni yule yule, akambatiza upya. Buibui mmoja akaishi na majina mawili katika vitabu hadi mwaka 2010, yalipounganishwa. Yeye mwenyewe muda huo wote alikuwa shimoni.

Ukitoka Kitengela kuelekea Isinya, tazama udongo ulio kando ya barabara. Ni mweusi tititi, ule unaonasa magari wakati wa masika na kupasuka nyufa za kuingiza mkono wakati wa kiangazi. Chini yake kuna mwamba wa volkano ya zamani, na juu yake huota nyasi pamoja na migunga mifupi yenye vinundu vinavyokaliwa na chungu. Kwa mchimba shimo, udongo huo ni taabu tupu, kwani mvua ikinyesha huvimba na ukikauka hupasuka. Ukizidi kwenda kusini, kuupita mji wa Kajiado na kukaribia Bisil, utaona ardhi inabadilika kuwa nyekundu na yenye mchanga mchanga. Huo ndio udongo unaoshika umbo la shimo likichimbwa. (Jina Kajiado, kwa wanafunzi wanaopenda mambo kama haya, linatokana na maneno ya Kimaasai ya mto mrefu.)

Mtaka cha mvunguni sharti ainame, nawe hapa itakubidi uiname. Kwanza omba ruhusa ya mwenye shamba, maana nyika hii ina wenyewe hata pale isipokuwa na ua. Kisha tafuta shimo la duara ambalo mara nyingi lina utando mwembamba wa hariri mdomoni. Shimo la nge huwa limebanwa, kama mwezi mchanga. La panya huwa na njia iliyokanyagwa. Usitie kidole wala kijiti. Shimo la jike aliyekomaa huweza kufika karibu mita 2 kwenda chini, na amelichimba kwa miguu na meno yake mwenyewe, kidogo kidogo. Miguu yake ya nyuma ni minene na imepinda, nayo humsaidia katika kazi hiyo. Akishamaliza, kazi kubwa ya maisha yake imekwisha. Ataishi humo miaka na mikaka. Majike wanaofugwa wameishi zaidi ya miaka 20.

Sasa uliza swali ambalo mtoto yeyote angeuliza: anakaa humo anafanya nini? Jibu ni kwamba anabana matumizi, na katika hilo hana mshindani wengi.

Mfano tunao pale pale Kajiado. Ng'ombe wa kienyeji mwenye uzito wa kilo 250 anahitaji kiasi cha kilo 6 za majani makavu kila siku. Chakula hicho kingi hakigeuki nyama wala maziwa. Hutumika kuendesha mwili tu, na sehemu yake ni gharama ya kuuweka mwili kwenye joto la nyuzi 38 na ushei, usiku na mchana, jua na baridi. Buibui halipi gharama hiyo hata kidogo, kwa sababu joto lake ni lile la shimo lake. Na hata ukimlinganisha na viumbe wengine wadogo wasiojipasha joto, bado anatumia kidogo. Mmarekani John Anderson aliwapima buibui wakiwa wametulia, na katika matokeo aliyochapisha mwaka 1970 alionyesha kwamba miili yao huchoma chakula kwa kiasi cha nusu tu ya kile kinachotarajiwa kwa kiumbe wa uzito kama wao. Miaka minne baadaye alionyesha jambo la kushangaza zaidi: wakinyimwa chakula, buibui hupunguza matumizi hayo tena, kama mama wa nyumbani anayepunguza moto wa jiko akijua mkaa unaelekea kwisha.

Kumbuka ukame ulioikumba nchi yetu tangu mwishoni mwa 2020 hadi mwishoni mwa 2022, misimu mitano ya mvua ikikosa mfululizo. Mizoga ya ng'ombe na ya pundamilia ilitapakaa katika kaunti ya Kajiado. Kiumbe anayeweza kufunga kula kwa miezi, chini ya ardhi ambako hewa haikauki upesi, ana nafasi tofauti kabisa katika majira kama hayo. Anachohitaji zaidi ni maji, na hicho ndicho shimo lenye kina humhifadhia kwa njia ya unyevu.

Wapo buibui walioishi maisha ya namna hii hadi wakawashinda watafiti wao umri wa kazi. Huko Australia Magharibi, mtaalamu Barbara York Main alianza mwaka 1974 kuwawekea alama buibui wa shimoni katika eneo moja la hifadhi. Mmoja wao, jike aliyepewa namba 16, aliishi katika shimo lile lile kwa miaka 43. Alikutwa ametoweka mwaka 2016, na habari zake zikatangazwa duniani mwaka 2018. Dalili zilionyesha kwamba hakufa kwa uzee. Mfuniko wa shimo lake ulikuwa umetobolewa na nyigu. Tutarudi kwa nyigu huyo punde, maana ndugu zake wako hapa kwetu.

Lakini usidhani kwamba mtulivu huyu hawezi kukimbia. Panzi akigusa ardhi karibu na mdomo wa shimo, jike hutoka kwa kasi ambayo jicho halifuati, akamnasa, akarudi ndani. Ndiyo yote. Sekunde moja, labda mbili. Na hapo pana siri nyingine ambayo ukiwa Kitengela unaweza kuielewa bila ya kitabu, kwa sababu kila mtaa una tingatinga linalochimba msingi wa nyumba. Tazama mkono wa tingatinga unavyonyooka: hausukumwi na waya wala mnyororo bali na mafuta yanayosukumwa kwa nguvu ndani ya mabomba. Mguu wa buibui hunyooka vivyo hivyo. Misuli ya kuukunja anayo, lakini katika viungo vyake viwili vikubwa hana misuli ya kuunyoosha. Husukuma damu kutoka kifuani, nayo huunyoosha mguu. Ndiyo maana buibui aliyekufa hukunja miguu yote chini ya tumbo: pampu imezima.

Mtambo huo una gharama yake. Buibui akikimbia, msukumo wa kifuani hupanda hata kuizuia damu ya kutoka tumboni, liliko moyo na mapafu, isifike mbele. Misuli hufanya kazi bila ya hewa ya kutosha, na katika muda mfupi mnyama huwa hoi. Damu yenyewe si nyekundu kama yetu. Inabeba oksijeni kwa kutumia shaba badala ya chuma, ikawa na rangi inayoelekea buluu. Watafiti wa California waliwakimbiza buibui wakubwa wa Marekani katika joto la kuanzia nyuzi 15 hadi 40, na matokeo yao ya mwaka 2015 yalionyesha kwamba kadiri joto lilivyopanda ndivyo mbio zilivyoongezeka, zaidi ya mara mbili, lakini viungo vya miguu vikaanza kukosa uratibu, kana kwamba damu haikuwahi kufika na kurudi. Kwa ufupi, ni mwanariadha wa hatua kumi. Zaidi ya hapo hana.

Mwenye kutembea katika ukoo huu ni dume, na matembezi yake ndiyo mauti yake. Kwa miaka kadhaa huishi kama jike, shimoni, akila na kujibadua ngozi. Siku anapobadua ngozi ya mwisho hutoka akiwa na umbo jingine, mwembamba na mwenye miguu mirefu, akaliacha shimo moja kwa moja. Mara nyingi ni majira ya mvua. Kuanzia hapo hula kidogo sana na hutembea usiku kucha akiyatafuta mashimo ya majike, akitumia akiba aliyoiweka tumboni. Akiba ikiisha, naye huisha. Akiishi miezi michache baada ya hapo ni bahati, ilhali dada yake aliyeanguliwa naye katika kifuko kimoja bado ana miaka mingi mbele yake. Ukimwona buibui mkubwa akikatiza lami ya Namanga usiku wa mvua, karibu kila mara ni dume, na anakwenda na mafuta ya mwisho kwenye tangi.

Mchana nao una mtembezi wake, yule nyigu niliyemtaja. Ni mkubwa, mweusi, na hutembea ardhini akipigapiga mabawa kwa wasiwasi, akichungulia kila tundu. Huyo ni mama anayetafutia mwanawe chakula. Akimpata buibui humtoa nje, humchoma sindano, na buibui hupooza bila ya kufa. Nyigu humburuta hadi kwenye tundu, hutaga yai moja juu yake na kufunga mlango. Hapa uchache wa matumizi humgeukia mwenyewe. Kwa kuwa mwili wake unahitaji kidogo sana, buibui aliyepooza huweza kubaki hai kwa majuma, nyama mbichi isiyooza, mpaka mtoto wa nyigu ammalize. Naomba radhi kwa wanaosoma haya wakiwa mezani.

Si buibui wote wanaoishi kwa mtindo huu. Rudi hadi nyumbani kwa yeyote Kitengela, utazame ukuta ulio karibu na dirisha. Huenda ukamwona buibui mdogo mnene, wa ukubwa wa punje ya haragwe, anayetembea kwa vituo na kugeuza kichwa kukutazama. Huyo ni mrukaji. Hatengenezi utando wa kunasia, huwinda kwa macho mchana kutwa, naye humpita kwa mbali mkaa shimoni kwa pilikapilika. Kenya tuna mrukaji maarufu duniani, Evarcha culicivora wa kando ya Ziwa Victoria, aliyechunguzwa katika kituo cha utafiti wa wadudu cha ICIPE huko Mbita. Mwaka 2005 watafiti walitangaza kwamba huchagua mbu waliokwisha kunywa damu, na hivyo kuipata damu ya mamalia bila ya kuuma mtu. Ndugu yake wa Ulaya, wa jenasi hiyo hiyo, alichunguzwa usiku na wanasayansi huko Ujerumani, na mwaka 2022 wakaeleza kwamba akiwa ananing'inia kwa uzi wake, macho yake huchezacheza kwa vipindi kama yetu tunapoota. Hata mwenye pilikapilika hulala.

Kuna na wa tatu, yule wa utando wa duara katika ua wa michongoma. Hariri ni protini, na protini ni ghali. Basi wengi wao huula utando wa zamani kabla ya kufuma mwingine, ili mali isipotee. Ukipita alfajiri ukakuta utando wa jana haupo, usifikiri umeng'olewa na upepo.

Nimeyaeleza haya kwa kirefu kwa sababu siku hizi wapo watu mjini, hasa vijana, wanaowafuga buibui hawa wakubwa ndani ya masanduku ya kioo. Huko Ulaya na Marekani ni jambo la kawaida, na katika orodha za wauzaji wa huko utakuta hata jina la milima ya Usambara ya Tanzania, likiuza buibui wa rangi ya chungwa aitwaye Pterinochilus murinus. Wafugaji wapya wana hofu moja wote: mbona hasogei? Amekaa pembeni siku tatu, je, ni mgonjwa? Ana njaa? Amechoshwa na upweke?

Hapana. Jike mwenye afya aliyetulia siku tatu yuko sawasawa. Mwenye kutembeatembea usiku na mchana, akipanda vioo na kushuka, ndiye wa kutiliwa shaka. Ama ni dume aliyekomaa ambaye hakuna sanduku litakalomtosha, ama udongo ni mkavu kupita kiasi, au ni maji kupita kiasi, au hakupewa kina cha kuchimba. Mchimbaji wa mita 2 akiwekewa udongo wa vidole viwili hutanga kama mpangaji aliyefungiwa mlango.

Kosa jingine ni kumlisha kama kuku. Nyenje au mende mmoja kwa juma, au hata kwa majuma mawili, humtosha mkubwa. Akishiba kupita kiasi tumbo huvimba kama puto, na akianguka kutoka juu ya kioo tumbo hilo hupasuka. Akikataa chakula kabisa, pengine anajiandaa kubadua ngozi, na siku hiyo hulala chali, miguu juu. Wangapi wametupwa jalalani wakiwa hai kwa sababu ya ulalaji huo! Aliyekufa, kama tulivyokwisha kuona, hukunja miguu chini ya tumbo. Na kuhusu joto: kila nyuzi 10 zinazoongezeka, mwili wake huchoma chakula kwa kasi ya mara mbili au zaidi. Anayemwekea taa ya joto ili achangamke hamsaidii. Anamharakishia miaka yake. Kitengela iko zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na baridi ya Julai ya huko tunaijua, lakini chini shimoni hali hubadilika kidogo tu.

Wala si wa kuchezewa mkononi. Akitishwa, yule wa rangi ya kutu husugua miguu na kutoa sauti ya kufoka kama ya nyoka, kisha huinua miguu ya mbele na kuonyesha meno. Kuumwa naye hakujulikani kuua mtu, ila maumivu yake si ya kusimulia, na jamaa zake wa rangi ya chungwa huleta mikazo ya misuli inayoweza kudumu.

Lakini kabla ya yote hayo lipo swali la alikotoka huyo wa sandukuni. Sheria ya Wanyamapori ya mwaka 2013 haikuwatenga wadudu na buibui. Kumtoa porini, kumweka au kumsafirisha nje ya nchi bila ya kibali cha Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, KWS, ni kosa. Waliodhani kwamba sheria hiyo ni ya ndovu na vifaru tu walizinduliwa mwaka 2025, wakati watu wanne, wakiwemo vijana wawili kutoka Ubelgiji, waliposhtakiwa kwa kupatikana na chungu hai, malkia wao wakiwemo, waliofungiwa katika mirija midogo tayari kwa soko la wafugaji wa ng'ambo. Wabelgiji peke yao walikuwa na chungu wapatao 5,000. Mnamo Mei 7, 2025 mahakama ya uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta ilimpiga kila mmoja faini ya Sh1 milioni au kifungo cha miezi 12.

Kwa buibui wa shimoni hesabu ni mbaya zaidi kuliko ya chungu. Kiumbe anayeishi kwa kubana matumizi hukua polepole. Jike huchukua miaka mingi kabla ya kuzaa mara ya kwanza, na hamwachii mtu nafasi ya kumtafuta mbali, kwa vile hahami. Mtu mwenye jembe akilijua eneo moja, anaweza kuwamaliza wazazi wote wa eneo hilo kwa alasiri chache, na mahali hapo pakakaa patupu miaka kumi. Swala akifukuzwa hukimbilia kwa jirani. Huyu hukimbilia chini zaidi katika shimo lile lile linalochimbwa.

Na jembe si la mlanguzi peke yake. Mji wa Kitengela, ambao kabla ya eneo la viwanda vya kuuza nje kuanzishwa Athi River mwaka 1990 ulikuwa kituo kidogo cha wafugaji, ulihesabiwa kuwa na watu zaidi ya 150,000 katika sensa ya 2019. Mashamba ya pamoja yaligawanywa, yakagawanywa tena, mpaka zikafikia ploti za futi 50 kwa 100. Kwa mwananchi aliyepanga chumba Embakasi miaka 20, ploti hiyo ni jasho lake, na sitamwambia asijenge. Ila namwomba jambo moja dogo. Kabla fundi hajaanza kuchimba, zunguka ploti jioni moja na tochi. Ukiona shimo la duara lenye hariri mdomoni na liko pembeni, karibu na ua, liache pembe hiyo bila ya kokoto wala saruji. Hauli mboga zako, hachimbi msingi, na nzige na mende wa bustani ndio riziki yake.

Wanafunzi nao wana kazi yao hapo, tena isiyohitaji kibali wala chupa. Kaeni hatua tatu kutoka kwa shimo kuanzia saa kumi na mbili na nusu jioni. Funikeni tochi kwa karatasi nyekundu ya nailoni, kwani mwanga mwekundu hauwashtui sana. Mmoja ashike saa, mwingine aandike: kila dakika 10, je, amesogea? Mara ngapi? Kiasi gani? Fanyeni hivyo usiku wa joto na usiku wa baridi, kisha mlinganishe. Wanaotaka kujua zaidi wanaweza kutembelea makavazi ya taifa jijini Nairobi, ambako idara ya wadudu na jamaa zao ina hifadhi ya buibui waliokusanywa kwa miaka mingi.

Msipige mbinja wala kukanyagakanyaga, maana yeye husikia kwa miguu. Jua likishatua upande wa vilima vya Ngong, na ng'ombe wameshaingia bomani, mtaona kwanza ncha mbili za miguu kwenye ukingo wa shimo, kisha nne. Hapo hukoma. Pengine atakaa hivyo hadi usiku wa manane, na katika daftari mtaandika sifuri, sifuri, sifuri. Angalieni tu muda, kwa sababu matatu za kurudi Nairobi kutoka Kajiado hupungua sana giza likiingia.